Mgeni au Mteja?

Ratiba ya wikendi iko sawa: asubuhi Migori, kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2018, mchana samaki na ugali Homa Bay, jioni Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay.

Ila Simbi ina swali. Wajaluo husimulia kuwa hapo palikuwa kijiji. Ajuza aliomba hifadhi usiku, akafukuzwa. Maji yakameza kijiji.

Sisi hatutafukuzwa popote, tuna M-Pesa. Lakini anayelipa ni mteja, na mteja hampimi mtu ukarimu. Kipimo ni ajuza asiye na kitu. Je, akibisha kwetu Nairobi, askari wa geti tumemwambia nini?