Bima Hailindi Daftari

Rafu yangu ina vitu vya aina mbili: vitabu ninavyoweza kununua tena, na madaftari ya babu yenye mashairi aliyoyaandika kwa mkono. Fomu ya bima ya vitu vya nyumbani inaviuliza vyote swali moja: thamani yake shilingi ngapi?

Wengine huona swali hilo ni tusi. Mimi naona ni la haki. Bima haiahidi kukurudishia kitu chenyewe. Inaahidi fidia, tena mara nyingi baada ya kukata uchakavu. Kamera yako ikiibwa, utanunua nyingine uendelee kupiga picha. Daftari la babu likiungua, pesa itanunua daftari tupu.

Aprili 2021 moto uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Jengo hujengwa upya. Machapisho adimu yaliyoungua bila nakala hayauzwi duka lolote. Yaliyokuwa yameshawekwa kidijitali, angalau maneno yake yapo.

Basi kitu cha pekee tunakilindaje? Wengi tunakifungia kabatini, eti ndiyo kukipenda. Lakini moto haujui kufuli. Kugawa nakala kunapunguza upekee, ndiyo, na fahari kidogo ya mwenye nacho. Kinachobaki ni shairi.

Vinavyonunulika vikatie bima. Visivyonunulika vipige picha, visome kwa sauti, wape ndugu nakala. Shairi lililo katika nyumba tano haliungui na nyumba moja.