Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Amepiga Simu

Mkasa huu nimeuunda kutokana na mambo yanayotokea masika baada ya masika katika mitaa ya Dar es Salaam, kwa hiyo mtaa sitautaja. Aliyekaa uswahilini atautambua.

Mvua ilianza saa tatu usiku, ikiwa na upepo wa kung'oa mabati. Tawi la mwembe uliokuwapo kabla ya nguzo kufika likavunjika, likaangukia laini ya umeme. Kishindo kikasikika, cheche zikaruka, na nyumba za upande wa bondeni zikaingia gizani. Za upande wa pili taa ziliendelea kuwaka.

Dakika hiyohiyo grupu la WhatsApp la mtaa likachangamka. "Jamani, kwenu upo?" "Huku hamna." "Kwetu upo, labda LUKU yako imeisha." Mangi wa duka la kona akalalamika kwamba samaki wake wataharibika. Mama mmoja akauliza: "Kuna aliyepiga simu?" Akajibiwa: "Nadhani mjumbe ameshapiga." Mjumbe alikuwa amelala, na simu yake iliisha chaji tangu magharibi. Swali lile likafunikwa na picha za radi na video za barabara iliyojaa maji. Ilipofika saa tano watu wakalala.

Saa sita na nusu gari la dharura likaingia mtaa wa nyuma, ambako mama mmoja alikuwa amepiga simu. Mafundi wakabadilisha fyuzi, wakamuuliza kama majirani nao wana tatizo. "Sijui wanangu, mimi nimesema la kwangu." Wakamshukuru, wakaondoka kwenda walikoitwa. Kutoka pale walipoegesha gari hadi kwenye mwembe ule ni mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Chini ya mwembe, waya uliokatika ulikuwa umelalia uzio wa mabati kichochoroni, ncha yake ikiwa ndani ya dimbwi. Saa kumi na moja alfajiri mama muuza vitumbua akatoka na beseni lake la unga. Akakanyaga maji, akashika uzio asiteleze. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akifuta pikipiki yake akasikia ukelele mmoja. "Mama, nakuja!" Akamdaka mkono. Mama yule alirushwa pembeni akapona, ila mkono wake wa kulia haushiki tena mwiko. Kijana alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri.

Simu ya kwanza kutoka mtaa ule ilipigwa alfajiri ile, mtu akiwa tayari amelala chini.

Msibani, msimamizi wa mafundi alimwinamia mjumbe akamwuliza taratibu: "Shikamoo mzee wangu. Mbona usiku hamkutuita? Tulikuwa hapo nyuma tu." Mjumbe akajibu: "Mwanangu, giza lote lile, tulijua mnaliona."

Hawakuliona, na hawakuwa na namna ya kuliona. Hapo ndipo pa kutulia, maana wengi wetu tunaamini kwamba mahali fulani pana chumba chenye ramani, na nyumba yako ikizimika taa nyekundu inawaka kwenye ramani hiyo. Kwa laini kubwa za volti 33,000 au 11,000 zinazotoka kituo cha kupoza umeme, hilo lina ukweli kiasi: hitilafu kubwa huangusha swichi kituoni, na waliopo zamu wanajua. Lakini kutoka transfoma ya mtaa hadi mlangoni kwako, kwenye nyaya za volti 400 na 230, mara nyingi kuna fyuzi tu. Fyuzi haipigi simu. Tena fyuzi ya transfoma imewekwa kubeba matumizi ya nyumba nyingi kwa pamoja. Waya ukianguka kwenye mchanga, lami au hata dimbwi, umeme unaovuja kwenda ardhini unaweza kuwa sawa na ule unaotumiwa na birika moja au mawili ya umeme. Fyuzi inauona kama mzigo wa kawaida na haikatiki. Waya unabaki na umeme usiku kucha, huku waliozimikiwa wakiamini kwamba umeme haupo.

Hata ule mwanga wa upande wa pili ulikuwa habari muhimu. Transfoma ya mtaa hutoa fezi tatu, na nyumba hugawanywa kati yake. Fundi akiambiwa "upande wetu hamna, ng'ambo upo", tayari ameanza kujua pa kutafuta. Nyumba moja ikizimika peke yake, tatizo huenda liko kwenye waya unaoingia nyumbani au kwenye mita. Nyumba kumi za safu moja zikizimika, tatizo liko kwenye laini au fyuzi ya fezi. Mtaa mzima ukizimika, atazame transfoma na kwingineko juu yake. Ndiyo maana simu ya pili na ya tatu si usumbufu: kila moja inapunguza eneo la kutafuta, gizani na mvuani.

Tusidhani ni shida yetu peke yetu. Julai 2006, katika eneo la Queens jijini New York, umeme ulikatika wakati wa joto kali. Kampuni ya Con Edison ilikadiria waathirika kwa kutegemea simu zilizopigwa, ikatangaza kwamba ni wateja wasiofika 2,000. Baadaye ilipotuma watu kuzunguka usiku na kuhesabu majengo yenye giza, ikagundua ni wateja wapatao 25,000, yaani watu karibu 100,000. Huo ni mji tajiri. Wasiopiga simu hawakuhesabiwa.

Dhoruba yenyewe siku hizi tunaonywa. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kukitangaza, na watu wa Mafia, Lindi na Dar es Salaam walipata muda wa kujiandaa. Babu zetu wa Unguja hawakupata bahati hiyo mwaka 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu na minazi yao. Ila setilaiti inayoona wingu kutoka juu haioni waya ulioanguka kichochoroni. Hilo linaonwa na anayekaa hapo.

Basi ukipiga, sema yanayomsaidia fundi: namba ya mita, mtaa na alama inayojulikana, nyumba ngapi hazina umeme, kama ng'ambo upo, kama ulisikia kishindo. Kama kuna waya chini, anza na hilo kabla ya mengine yote, kisha weka mtu wa kuzuia wapita njia wasisogee ndani ya mita 10. Aliyenaswa usimguse kwa mkono kabla umeme haujakatwa, hata akiwa mama yako mzazi. Najua ni neno gumu. Omba namba ya taarifa uihifadhi, nayo ndiyo uiweke kwenye grupu, ili anayepiga baada yako aongeze habari kwenye taarifa ileile.

Kishoka, yule fundi wa mtaani asiye wa shirika la umeme, usimwite. Anapanda nguzo bila kujua wapi pamezimwa na wapi pamewashwa, na ofisini hakuna anayejua kwamba yuko juu. Mwenye jenereta naye aitenganishe na laini kwa swichi ya kubadilishia. Asipofanya hivyo, umeme wake utarudi hadi kwenye transfoma na kutoka upande wa pili ukiwa maelfu ya volti, kuelekea kwa fundi anayedhani laini haina umeme.

Namba ya mita ya LUKU ina tarakimu 11, na gizani hutaikumbuka. Fungua leo ujumbe wako wa mwisho wa kununua umeme, iandike ukutani karibu na mlango, na chini yake uandike namba ya dharura ya shirika la umeme. Siku umeme ukikatika, piga, hata kama jirani amesema ameshapiga.