Maiti 42 na Kitabu Kitamu

Nianze kwa kukiri. Kitabu kilichonifanya nipende kusoma ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nilikikuta kwenye sanduku la bati la marehemu babu, nyumbani Kirumba hapa Mwanza, jalada limeliwa na mchwa. Nilikuwa darasa la sita. Nilikimaliza kwa siku mbili, na siku ya pili nilichapwa kwa sababu nilisahau kuteka maji.

H. Rider Haggard alikitoa mwaka 1885, na tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ikatoka 1929. Nilicheka mpaka machozi kwa meno ya bandia ya Kapteni Good. Halafu ikaja ile vita kubwa ya Wakukuana, wanaume wanaanguka kwa maelfu ndani ya kurasa chache. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa kitu kimoja tu: Sir Henry asidhurike. Wale maelfu, ambao kwa sura walifanana na mimi kuliko yeye, walikuwa kama nyasi zinazofyekwa ili shujaa apite.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Haggard mwenyewe alikuwa Pretoria mwaka 1877, Waingereza walipoichukua Transvaal, na kwamba alishiriki kupandisha bendera yao. Basi swali likaanza kunikera: ni kosa kufurahia kisa cha shujaa ambaye, kama ningekutana naye enzi hizo, huenda angenipiga risasi na kuendelea na sura inayofuata?

Kwa sisi watu wa Ziwa hili, swali hilo halihitaji kwenda Transvaal. Lipo Bumbire.

Bumbire ni kisiwa upande wa magharibi wa ziwa, leo kipo Wilaya ya Muleba. Tarehe 28 Aprili 1875, Henry Morton Stanley alifika pale na mashua yake, Lady Alice, akitokea kwa Kabaka Mutesa kurudi Kageyi, huku kwetu upande wa kusini. Alikuwa na njaa, anatafuta chakula. Watu wa kisiwa wakaivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Safeni, nahodha wa mashua, akatumwa kuongea nao. Mwishowe mabaharia wakaisukuma mashua majini, Stanley akafyatua bunduki yake ya kuulia tembo, na kwa kukosa makasia wakang'oa mbao za ndani ya mashua wakapigia kafi. Jamani, ukisoma hapo huwezi kuweka kitabu chini. Nami sikuweza.

Tarehe 4 Agosti alirudi. Safari hii hakuwa na njaa. Alikuja na mitumbwi na bunduki, hakushuka hata nchi kavu, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni na mikuki, pinde na mawe. Katika barua aliyopeleka kwa magazeti yaliyomfadhili, aliandika kwamba zilihesabiwa maiti 42, na majeruhi zaidi ya 100. Upande wake, watu wawili walichubuliwa na mawe.

Stanley alikuwa mwandishi wa habari, kama mimi. Aliwahi kuripoti akifuata majeshi ya Malkia Victoria: mwaka 1868 alikuwa Ethiopia kwenye vita vya Magdala, kisha akaenda vita vya Waashanti. Alijua hadithi ya vita inavyouzika. Na ndiyo maana Bumbire imeandikwa kama riwaya: kwanza shujaa anaonewa, halafu anaponea chupuchupu, halafu analipa. Sehemu ya kwanza inakuandaa uikubali ya tatu.

Kuna wanaosema, "Acha kuhukumu watu wa kale kwa macho ya leo." Haya. Lakini barua ile ilipofika Uingereza, Waingereza wenyewe walipiga kelele. Henry Yule na Henry Hyndman walilileta suala hilo mbele ya Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme mwaka 1876. Kwa hiyo macho ya wakati ule yalikuwepo, na yaliona.

Wengine wanasema tuvitupe vitabu hivi, tusome vya kwetu. Hapo ndipo ninapokwama, maana walioshika bunduki upande wa Stanley wengi wao walikuwa Wangwana kutoka Zanzibar. Amri zilipita kwa Kiswahili. Lugha hii ninayoandikia, ninayoipenda kuliko zote, siku ile ilikuwa ndani ya mitumbwi, haikuwa ufukweni. Msome pia Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili: vita, pembe za ndovu, miji inayoanguka. Ni kitabu cha safari na ujasiri, kinavutia kweli, na wanaoshindwa mle wanahesabiwa kwa jicho lile lile. Kumbe ugonjwa haukuletwa na Kiingereza peke yake. Upo kwenye utamu wenyewe wa hadithi ya mshindi.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Mwaloni, nikakutana na mama mmoja mwuza dagaa aliyekulia Bumbire. Nikamwamkia, tukaongea bei, kisha nikamuuliza kama anamjua Stanley.

"Yule mpelelezi wa kwenye historia, darasa la tano?"

"Huyo huyo, mama. Aliua watu kwenu."

Nikamsimulia. Alisikiliza huku mikono ikiendelea kuchagua dagaa. Nilipofika kwenye 42, akaniangalia.

"Majina yao unayo, mwanangu?"

Nikamwambia katika kitabu lipo jina la mkuu wao, Shekka. Hao wengine hapana.

"Sasa wewe umesoma nini?" akasema, akageukia mteja.

Nilirudi ofisini nimenyong'onyea. Tena si kwa ajili ya Stanley tu. Nimeandika mara ngapi "wavuvi wanne wafariki ziwani" na kwenda kula chakula cha mchana? Mhariri anataka idadi, muda na kauli ya kamanda. Nami nilikuwa natoa, bila mtu kunishikia bunduki.

Hiki ndicho ninachoamini sasa. Kufurahia kisa si dhambi. Moyo wa mtoto wa darasa la sita haukukosea kumhofia Sir Henry. Kosa ni kufikiri kwamba hofu ile ndiyo yote iliyokuwepo pale. Kitabu cha vita nakipima kwa swali la yule mama: wanaokufa upande wa pili wana majina? Kuna mtu nyumbani anayewangoja? Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, amemchukua askari wa jeshi la Mjerumani, mtu ambaye kwenye riwaya za kizungu angekuwa kivuli nyuma ya hema, akampa jina, jeraha na mke. Vita ni vile vile, na bado huwezi kukiweka chini. Basi inawezekana.

Sijakitupa kitabu cha babu. Juzi nilikifungua tena pale kwenye vita. Bado ni kitamu, siwezi kuwadanganya. Ila sasa nasoma polepole, na kila wanapoanguka wengi kwa sentensi moja nasimama kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni akageuka asimwone aliyeita.