Utii Usio na Kamba



Leo nina swali la falsafa, na nitalianzia mahali ambapo wengi wenu hamkutegemea: kwa mbwa. Hivi, utii wa kweli unaweza kupatikana kwa kulazimisha?

Kule California, Marekani, kuna watu wanaowafundisha mbwa wao kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi ya bahari mpaka ufukweni. Siyo utani. Mji wa Pacifica, karibu na San Francisco, una mashindano ya dunia ya mchezo huo tangu 2016. Na mwaka 2011, huko San Diego, mbwa jike aitwaye Abbie Girl aliteleza mita 107.2 juu ya wimbi moja, akaingia katika rekodi za Guinness. Ni kama urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli.

Najua kuna anayecheka. Mbwa wetu anafungwa mchana na kufunguliwa usiku alinde nyumba, wao wanampeleka kucheza baharini! Katekisimu yenyewe, namba 2418, inatukumbusha kwamba fedha inayopaswa kwanza kuwaondolea watu taabu isiishie kwa wanyama. Lakini namba hiyohiyo inaanza kwa kusema kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Basi tucheke kidogo, halafu tufikiri.

Mbwa unaweza kumbeba, ukamweka juu ya ubao na kumsukuma. Atasimama, maana hana pa kwenda. Lakini mtazame: mkia umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, miguu imekakamaa kama ya meza. Na hapo ndipo penye siri yote. Kusimama juu ya wimbi kunataka magoti laini, mwili unaohama kidogo kushoto, kidogo kulia, kila maji yanapobadilika. Aliyekakamaa kwa hofu huanguka. Yaani hofu inaharibu kitu kilekile ulichotaka kukipata kwa hofu.

Wanaofundisha kwa kujenga uhusiano huanza mbali kabisa na mawimbi. Ubao unalazwa nchi kavu. Mbwa anaunusa, anaweka mguu mmoja, anasifiwa. Akishuka, haulizwi kitu. Baadaye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, naye amevaa jaketi la kuelea. Mwisho kabisa ndipo vije viwimbi vidogo, mmoja akimsukuma na mwingine akimwita kutoka ufukweni. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa huyu, ufuko ni yule anayemwita. Na sheria inabaki ileile siku zote: akitaka kushuka, anashuka. Wapo mbwa wasioupenda mchezo huu kabisa, na mwalimu mwema anakubali, anarudi naye nyumbani.

Mtu atasema: si wanampa vipande vya nyama? Hiyo ni hongo tu! Hoja ina nguvu. Aristotle alishaona kwamba kuna urafiki unaosimama juu ya faida, nao ukikosa faida unakufa. Lakini hata mtoto anaanza kumjua mama yake kwa maziwa, na hakuna anayesema amehongwa. Cha kuangalia ni kama uhusiano unabaki palepale kwenye maziwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia hapa. Anatofautisha hofu ya mtumwa na hofu ya mwana: mtumwa anaogopa adhabu, mwana anaogopa kutengana na baba yake. Huyohuyo Thoma anasema hatuwezi kuwa na urafiki kamili na mnyama, kwa sababu hashiriki nasi maisha ya akili. Nakubaliana naye, wapenzi wa mbwa mnisamehe. Ila nikimtazama mbwa aitwaye Ricochet, nasita kidogo.

Ricochet alianza kufunzwa awe msaidizi wa watu wenye ulemavu. Kazi ikamshinda: akiona ndege, anamkimbiza. Mwaka 2009, San Diego, alikuwa akiteleza kwenye ubao wake, na kijana aliyepooza akiteleza kwenye wa kwake. Ricochet akaruka, akaenda kusimama kwenye ubao wa yule kijana. Hakuamriwa. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa hiyo, kuteleza pamoja na watoto wenye ulemavu na wanajeshi wenye majeraha ya vita. Alikufa 2023. Kama angetiishwa kwa kipigo mpaka asisogeze mguu bila amri, asingeruka.

Nayafikiria haya kwa sababu ya darasa la Kipaimara. Katika mwaka wangu wa kichungaji nilikabidhiwa watoto 31, daftari la mahudhurio, na fimbo. Fimbo ikiwa mezani, Amri Kumi zilitoka kama treni. Ukiuliza, "Wewe unadhani kwa nini Mungu alikataza hili?", kimya. Miguu ya meza. Nikaipandisha fimbo juu ya kabati, nikawaambia maswali yote yanaruhusiwa, hata ya kumpinga frateri. Jumamosi mbili baadaye walikuwa 19.

Hapa mfano wa mbwa unanikatikia mkononi. Mbwa asiyependa mawimbi hajapoteza kitu. Mtoto asiyekuja Kipaimara je? Mlezi mmoja aliniambia, kwa upole, kwamba uhuru ninaowapa ni wa watu wazima. Sikuwa na jibu la haraka. Nilichofanya ni kwenda nyumba kwa nyumba, bila daftari, kusalimia tu na kunywa chai.

Askofu alipokuja, walisimama 26, na kila mmoja akajibu "Nasadiki" kwa kinywa chake. Mmoja wa wale watano waliobaki bado anacheza mpira Jumamosi jioni nyuma ya kanisa. Nikipita ananipungia mkono, anasema, "Frateri, njoo ukae golini." Huwa nakaa.