Je, Huruma Yatosha Bila Elimu?

Ndugu msomaji, tuseme katika kituo kimoja cha watoto huko Kisarawe mtoto mwenye usonji anaziba masikio na kulia kwa sababu ya mlio wa kengele. Mlezi mwenye moyo mwema anamshika kwa nguvu ili amtulize, na mtoto anazidi kutaabika. Je, mlezi huyo ana kosa?

Wengine watajibu: Hana, kwani nia yake ilikuwa njema. Lakini nia hiyo haikumpunguzia mtoto maumivu. Apokeaye amana ya mnyonge hupokea pia wajibu wa kujifunza.

Wala usidhani kwamba hukosea wasiosoma tu. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943. Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu kama Bruno Bettelheim waliwalaumu wazazi, hasa mama, kuwa ndio walioileta. Lawama hiyo imethibitika kuwa si ya kweli.

Katika Kibaha iliyo jirani, kituo cha elimu kilianzishwa mwaka 1963 ili kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini. Vita hivyo havijakwisha. Mlezi aliyefundishwa atamwondoa mtoto penye kelele, atamwonya mapema juu ya litakalofuata, kisha atangoja kwa subira. Huruma ni ile ile, bali sasa ina macho.

Basi asiyefundishwa asibebeshwe lawama peke yake. Yule aliyemkabidhi mtoto bila kumpa elimu ndiye ajiulize kwanza.