Ripoti ya Daktari na Imani Yetu

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, dada mmoja aliniuliza swali nikalijibu vibaya. Kwa ruhusa yake nalirudia hapa.

Yeye na mumewe wako kwenye matibabu ya IVF, kwa mkopo wa sacco. Skani ilionyesha utando wa ndani wa tumbo lake la uzazi una milimita 6, na madaktari wengi hupenda ufike 7 kabla ya kuweka kiinitete. "Pasta, nikiikubali hiyo ripoti, si nimekosa imani?"

Nikamwambia aikatae kwa jina la Yesu. Alisema amina, lakini macho yake hayakusema. Usiku huo usingizi ulinipaa.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa. Ukikopesha watu 100 unaweza kukadiria wangapi watashindwa kulipa, lakini hujui kama Mama Fulani ni mmoja wao. Skani pia iko hivyo. Inapima utando, inahesabu vifuko vya mayai, na vipimo hivyo ni vya kweli. Lakini tangu Louise Brown azaliwe Uingereza mwaka 1978, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, hakuna mashine iliyoweza kumwambia mama mmoja kwa hakika, wewe utabeba au hutabeba. Wako waliopata mimba utando ukiwa mwembamba. Wako walioambiwa kila kitu ni sawa, halafu baada ya wiki mbili kipimo cha damu kikasema hapana.

Sasa, tuikatae ripoti? Warumi 4 inatuonyesha Ibrahimu akiuangalia mwili wake wa karibu miaka 100, na tumbo la Sara, na bado akaamini. Hakufumba macho. (Nadhani angekuwa na skani angeisoma, hata kama Sara angecheka tena.)

Lakini Ibrahimu alikuwa ameahidiwa. Huyu dada hakuahidiwa na Mungu, aliahidiwa na mimi, mlangoni mwa kanisa, nikiwa na haraka ya kwenda mkutano wa vijana. Mimba isiposhika, atazika tumaini lake na bado ajilaumu kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Mzigo huo nilimtwika mimi. Tena angenisikiliza angeendelea mwezi huu huu, na kiinitete pamoja na pesa ya mkopo vingeweza kupotea. Kumbe viinitete vinaweza kugandishwa, wangoje utando ujengeke.

Jumatatu nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, sisi tulikuwa tumeshaamua kungoja. Tuliogopa tu kukuambia."

Jumatano jioni tunaenda kwao kuomba. Nimemwambia aiweke ile ripoti mezani.