Danieli Mbele ya Mfalme

Majaribio ya muhula yamekaribia, nasi tunasikia tena habari za vikaratasi ndani ya soksi, na za wazazi (ndiyo, wazazi!) wanaotafuta maswali kwa pesa.

Tusome Danieli 1. Vijana wale walichukuliwa mateka mbali na kwao, wakafundishwa miaka 3, kisha mfalme Nebukadneza akawauliza yeye mwenyewe. Nani angemnong'oneza Danieli jibu pale?

Jambo hili tunalijua. Tulipovuka Ziwa Tanganyika, vyeti vya wengi wetu vilibaki nyumbani vikaungua. Mwalimu alivuka na hesabu zake, muuguzi na kazi yake, kwa sababu vilikuwa kichwani. Mtoto anayeibia mtihani, siku ya kurudi atavuka na nini?

Lakini tusiwalaumu watoto tu. Wanaketi wanne benchi moja. Macho yaende wapi? Basi wazee wa kanisa wamekubali mabenchi yetu yapelekwe shuleni Jumatatu, kila mtoto akae mbali na mwenzake. Akina baba, njooni saa 12 asubuhi tuyabebe. Ibada ya Jumatano tutakaa kwenye mikeka.